Barbara Jordan, wakili aliyeingia Seneti ya Texas: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukimtaja Barbara Jordan, wengi hukumbuka usiku mmoja wa Julai 1974: sauti nzito kwenye televisheni ikiisoma Katiba ya Marekani huku kiti cha Rais Richard Nixon kikiyumba. Hapa tunaanza mapema zaidi. Kwa maoni yetu, hotuba ile haieleweki vizuri bila miaka sita aliyokaa Austin, makao makuu ya Texas, akiwa seneta wa jimbo. Huko ndiko wakili huyu wa Houston alikojifunza kwamba kabla ya kusimama kusema lazima uwe umeshahesabu kura.

Barbara Jordan ni nani, kwa ufupi?

Alizaliwa Houston tarehe 21 Februari 1936, katika mtaa wa watu weusi uitwao Fifth Ward. Alipata leseni ya uwakili ya Texas mwaka 1960, akawa seneta wa jimbo kuanzia 1967 hadi mwanzoni mwa 1973, kisha mbunge wa Congress, yaani bunge la taifa la Marekani, hadi 1979, na baadaye profesa katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin. Alifariki tarehe 17 Januari 1996, akiwa na miaka 59.

"Seneta wa jimbo" ndiye yule yule seneta wa Washington?

Hapana, na hapa ndipo wasomaji wetu wengi huchanganyikiwa. Marekani kila jimbo lina katiba yake, gavana wake na bunge lake. Bunge la Texas lina mabaraza mawili: Baraza la Wawakilishi lenye watu 150 na Seneti yenye watu 31. Hao 31 hawahusiki na vita wala mikataba ya kimataifa. Wanashughulika na shule, barabara, magereza, mishahara, fidia ya mfanyakazi aliyeumia kiwandani, na jambo moja zito kuliko linavyosikika: kuchora mipaka ya maeneo ya uchaguzi. Kwa Mtanzania, mfano wa karibu ni Baraza la Wawakilishi la Zanzibar. Mkenya asimfananishe na seneta wa Nairobi, maana wa kwao yumo katika bunge la taifa.

Kwa nini mabunge haya yamejaa mawakili?

Kwa Texas jibu ni la mfukoni. Bunge hukutana kikao cha kawaida siku 140 tu, mara moja kila miaka miwili. Wakati wa Jordan mbunge alilipwa dola 4,800 kwa mwaka. Tangu katikati ya miaka ya 1970 ni dola 7,200, na kiwango hicho kimo ndani ya katiba ya jimbo, kwa hiyo si rahisi kukipandisha. Mtu wa kazi ya kuajiriwa hawezi kumuaga bosi wake kwa miezi mitano kisha arudi akute nafasi yake ipo. Wakili mwenye ofisi yake anaweza, na jina lake likitangazwa na siasa, wateja huongezeka. Wafugaji na wafanyabiashara nao wanaweza. Mwalimu wa shule ya msingi au mfanyakazi wa ndani ndiyo hivyo tena.

Nani alimtia hamu ya sheria?

Akiwa mwanafunzi wa Phillis Wheatley High School alimsikiliza Edith Sampson, mwanamke mweusi aliyekuwa wakili Chicago, alipokuja kuzungumza na wanafunzi. Jordan alisema baadaye kwamba aliamua papo hapo. Nyumbani nako kulikuwa na watu wawili wenye ndimi: baba yake Benjamin, karani wa ghala na mhubiri wa Kibatisti, na babu yake mzaa mama, John Ed Patten, muokota na muuza vyuma chakavu, aliyewahi kufungwa na kisha kusamehewa na gavana. Babu huyo ndiye aliyemfundisha kutoiga mtu. Mjukuu alikuwa akimsaidia kupanga na kupima mali yake ya vyuma na karatasi, na alilipwa kwa kazi hiyo.

Chuo Kikuu cha Texas hakikuwapokea vijana weusi wa shahada ya kwanza alipomaliza shule mwaka 1952. Akaenda Texas Southern, chuo ambacho jimbo lilikianzisha mwaka 1947 ili weusi wasome pembeni. Huko alimkuta Thomas Freeman, mwalimu wa mdahalo, aliyewafundisha vijana wake kupumua, kunyamaza na kutamka kila silabi kama vile ina thamani ya fedha. Timu yao ilishindana na ya Harvard mwaka 1956 na matokeo yakawa sare. Jordan hakuipenda hiyo sare. Kwake, ukiwa umetoka Texas Southern na Harvard wakatoka sare na wewe, basi umeshinda.

Sheria aliisomea Chuo Kikuu cha Boston, akahitimu 1959. Alikiri kwamba mwaka wa kwanza ulimtoa jasho: mdahalo ulikuwa umemfundisha kusema vizuri, na sasa alikuwa miongoni mwa watu waliofundishwa kufikiri kwa hatua, hoja baada ya hoja.

Ni kweli ofisi yake ya kwanza ilikuwa meza ya chakula?

Kweli. Baada ya kufundisha kwa muda chuo cha Tuskegee, Alabama, alirudi Houston na kupokea wateja kwenye meza ya chakula nyumbani kwa wazazi wake. Ilimchukua miaka kadhaa kupata fedha za kupanga ofisi mtaani. Wanawake weusi wenye leseni ya uwakili Texas wakati huo ungeweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Uwakili wenyewe haukumpa umaarufu wala utajiri. Alikuwa wakili wa mtaani, wa mambo ya kawaida ya watu wa kawaida. Kilichomvuta nje ya ofisi ni kampeni ya John Kennedy na Lyndon Johnson ya 1960: alijitolea kulamba stempu na kufunga bahasha, siku moja msemaji hakutokea, akasimamishwa yeye. Tangu siku hiyo hawakumrudisha kwenye stempu.

Mbona alishindwa mara mbili, kisha 1966 akashinda kwa kishindo? Alibadilika nini?

Yeye hakubadilika sana. Ilibadilika ramani, na swali hili ndilo tunaloshauri msomaji asiliruke.

Mwaka 1962 na 1964 aligombea Baraza la Wawakilishi la Texas. Ada ya kugombea alikopa. Kila mara alipata makumi ya maelfu ya kura, na kila mara alishindwa, kwa sababu wagombea wa Houston walipigiwa kura na Kaunti ya Harris nzima. Watu weusi wakikupa karibu kura zao zote na wazungu wakakunyima zao, hesabu haitimii. Rafiki mmoja msomi alimweleza baada ya kushindwa kwamba ana mizigo mitatu: ni mweusi, ni mwanamke, na ana umbo kubwa. Wengine walimshauri ahamie kaskazini. Alikataa.

Ilikuwapo pia kodi ya kupigia kura, hadi dola 1.75 kwa kichwa. Hii haikuwa kodi ya kichwa tuliyosimuliwa na wazee wetu, ambayo kila mtu alilazimishwa kulipa. Hii ililipwa na anayetaka kupiga kura tu, tena miezi kadhaa kabla ya uchaguzi, wakati hata wagombea hawajajulikana vizuri. Kwa mfanyakazi wa ndani mwenye watoto, dola moja na senti sabini na tano ni fedha.

Kisha yakaja mambo matatu kwa mfululizo. Mwaka 1964 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Reynolds dhidi ya Sims, iliamua kwamba maeneo ya uchaguzi ya mabunge ya majimbo lazima yawe na idadi ya watu inayokaribiana. Mwaka 1965 ikapitishwa Sheria ya Haki za Kupiga Kura. Na mapema 1966 mahakama zikaifuta kodi ile kwa chaguzi za jimbo, maana kwa chaguzi za taifa ilikwishafutwa 1964.

Uamuzi wa Reynolds uliigusa Texas pabaya. Katiba ya jimbo ilikuwa inasema kaunti moja haiwezi kuwa na zaidi ya seneta mmoja. Harris, yenye watu zaidi ya milioni moja, ilikuwa na mmoja tu, sawa na mkusanyiko wa kaunti za mashambani zenye ng'ombe wengi kuliko wapiga kura. Ilipolazimika kugawanywa, likazaliwa eneo namba 11 katikati ya Houston: weusi, Walatino, na wazungu waliomo katika vyama vya wafanyakazi. Jordan alikwenda kutazama matokeo ya zamani akakuta kwamba vituo vingi vilivyomo ndani ya eneo hilo jipya vilikwishampa kura nyingi aliposhindwa. Akagombea. Kwenye kura za mchujo za chama cha Democratic alimshinda J. C. Whitfield, mwanasheria mzungu aliyekuwa tayari mbunge, kwa karibu kura mbili kwa moja. Wenye kupenda kusema kwamba mahakama hazibadilishi siasa wana kazi ya kueleza jambo hili.

Alikuwa mtu mweusi wa kwanza katika bunge la Texas?

La. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya karne ya 19, Texas ilikuwa na maseneta na wawakilishi weusi. Seneta mweusi wa mwisho kabla yake alitoka mwaka 1883. Jordan alipoapishwa Januari 1967 alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza katika Seneti hiyo, na mwanamke pekee kati ya watu 31. Na kuna jambo ambalo wasifu mfupi huliacha: Edward Patton, baba wa babu yake John Ed, alikaa katika Baraza la Wawakilishi la Texas mwanzoni mwa miaka ya 1890. Kwa hiyo mlango ulikuwa umewahi kufunguliwa, ukafungwa na kupigwa misumari kwa karibu miaka sabini.

Alifanyaje kazi na wanaume 30, wengi wao wasiomtaka?

Kwanza alisoma kanuni. Wapya wengi huja na hotuba. Yeye alikaa, akatazama nani anamsikiliza nani, na akazishika kanuni za Seneti kama wakili anavyoishika sheria ya ushahidi.

Kanuni moja ilimfaa kuliko zote. Seneti ya Texas ilikuwa na desturi ya kuweka, mwanzoni mwa kikao, muswada usio na maana kileleni mwa orodha na kuuacha hapo makusudi. Kwa kuwa miswada hujadiliwa kwa zamu, kila muswada mwingine ulihitaji kuruka foleni, na kuruka foleni kulitaka theluthi mbili ya kura, yaani 21 kati ya 31. Maana yake, watu 11 wakishikamana wanaweza kuzuia chochote. Wahafidhina waliitumia kanuni hiyo kwa miaka mingi kuua miswada ya haki za raia. Ulipoletwa muswada wa kubana uandikishaji wa wapiga kura, Jordan hakupanda jukwaani. Alizunguka kwa wenzake kimya kimya, mmoja mmoja, mpaka akapata kumi wa kuongeza kwake yeye. Kisha akamwendea mwenye muswada na kumweleza hesabu. Muswada ukafia hapo bila kelele wala waandishi wa habari. (Kanuni hiyo ya theluthi mbili ililegezwa mwaka 2015.)

Pili, alikaa nao. Alikwenda kwenye sherehe zao, akapiga gita na kuimba, akakubali mialiko ya mashambani. Kuna wanaosema huko ni kujipendekeza. Sisi tunaona ni kazi: huwezi kumwomba mtu kura saa tano usiku ikiwa hujawahi kula naye.

Sheria zipi zilipita kwa mkono wake?

Kubwa ni kima cha chini cha mshahara cha jimbo, sheria ya 1969, iliyowahusu watu walioachwa nje na sheria ya taifa, wakiwamo vibarua wa mashambani na wafanyakazi wa dobi. Alisukuma kuongezwa kwa fidia ya wafanyakazi wanaoumia kazini, akafanikiwa. Alipigania pia vifungu vya kupinga ubaguzi katika mikataba ya serikali ya jimbo, na tume ya usawa katika ajira. Si orodha ya kutikisa dunia, na hakudai kuwa hivyo. Mfua nguo wa Houston, hata hivyo, aliona tofauti kwenye bahasha ya mshahara.

Tumesikia aliwahi kuwa gavana. Ni kweli?

Kwa siku moja, tarehe 10 Juni 1972. Machi mwaka huo wenzake walimchagua kuwa Rais wa Muda wa Seneti, mwanamke mweusi wa kwanza nchini kushika nafasi kama hiyo katika bunge lolote. Ni desturi ya Texas kwamba siku moja gavana na naibu wake husafiri nje ya jimbo makusudi, ili mwenye nafasi hiyo akaimu. Shule za Houston zilileta bendi na kwaya, ndugu na jamaa wakajaa. Baba yake, aliyekuwapo, alipatwa na kiharusi siku hiyo hiyo, na kesho yake akafariki.

Kwa nini baadhi ya viongozi weusi walimwita msaliti?

Kwa sababu ya ramani tena. Mwaka 1971, baada ya sensa, Jordan alikuwa makamu mwenyekiti wa kamati ya Seneti iliyochora mipaka mipya. Houston ya katikati ilipata eneo jipya la Congress, namba 18, lililomfaa yeye kama nguo iliyoshonwa kwa vipimo vyake. Wakati huo huo eneo lake la Seneti ya jimbo lilikatwakatwa, wapiga kura weusi wakatawanywa. Curtis Graves, mbunge mweusi wa Baraza la Wawakilishi la Texas aliyetaka kurithi kiti hicho, alisema waziwazi kwamba Jordan ameuza kiti cha Seneti ili apate cha Washington. Akagombea dhidi yake kwenye mchujo wa 1972. Jordan alipata takriban asilimia 80 ya kura.

Ushindi huo haukufuta hoja. Baada ya Jordan kuondoka, Seneti ya Texas haikuwa na mtu mweusi hadi 1983, alipoingia Craig Washington, naye wakili. Watetezi wa Jordan husema kamati ilitawaliwa na wahafidhina na yeye aliokoa alichoweza kuokoa. Huenda. Lakini mtu aliyejua kuhesabu kura kama yeye alijua pia kilichokuwa kikipotea, na tunadhani Graves alikuwa na haki ya kuuliza, hata kama ghadhabu yake ilichanganyika na tamaa ya kiti.

Uwakili ulimsaidiaje katika hotuba ya 25 Julai 1974?

Alipofika Congress, mmoja wa weusi wawili wa kwanza kuchaguliwa kutoka Kusini tangu mwanzo wa karne (mwingine alikuwa Andrew Young wa Georgia), aliomba kuwekwa katika Kamati ya Sheria, na Lyndon Johnson, rais mstaafu na Mtexas mwenzake, alimsaidia. Hakuna aliyejua kwamba mwaka uliofuata kamati hiyo ingeamua kama Nixon ashtakiwe bungeni ili aondolewe madarakani.

Kila mjumbe alipewa dakika 15 mbele ya kamera. Jordan alianza kwa kukumbusha kwamba Katiba ilipoandikwa mwaka 1787 yeye hakuwamo katika "sisi wananchi", na kwamba aliingizwa kwa marekebisho, tafsiri na maamuzi ya mahakama. Sehemu hiyo ndiyo hunukuliwa. Iliyobaki ni kazi ya wakili mtupu: anasoma maneno ya waasisi kuhusu kosa linalostahili kumwondoa rais, kisha anaweka kando yake alichofanya Nixon, kigezo na kitendo, kigezo na kitendo, bila kupandisha sauti. Hakumtukana mtu. Siku mbili baadaye kamati ilipitisha kifungu cha kwanza cha mashtaka kwa kura 27 dhidi ya 11, na tarehe 9 Agosti Nixon alikuwa amejiuzulu.

Baada ya hapo alifanya nini Congress?

Tungemkumbuka zaidi kwa mwaka 1975. Sheria ya Haki za Kupiga Kura iliporefushwa, alishinikiza vifungu vyake vya usimamizi maalumu vienee hadi Texas na sheria iwalinde raia wanaotumia lugha nyingine, hasa Kihispania. Baadhi ya wanasiasa wa Texas waliokuwa rafiki zake hawakufurahi. Tarehe 12 Julai 1976 alitoa hotuba kuu katika mkutano mkuu wa Democratic mjini New York, mwanamke mweusi wa kwanza kufanya hivyo.

Kwa nini hakuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali?

Alikitaka cheo hicho katika serikali ya Jimmy Carter na hakukificha. Carter alikuwa tayari kuzungumzia nafasi nyingine, si hiyo, na akamteua Griffin Bell. Jordan hakutaka nyingine.

Aliacha siasa kwa sababu ya ugonjwa?

Aligundulika mapema miaka ya 1970 kuwa na ugonjwa wa mfumo wa neva uitwao multiple sclerosis, na hakuutangaza. Alianza kutembelea fimbo, baadaye kiti cha magurudumu. Mwenyewe alipotangaza kuondoka alisema anataka kazi nyingine, na hakuutaja ugonjwa. Kuanzia 1979 alifundisha Austin, katika chuo kile kile kilichomfungia mlango 1952. Darasa lake kuhusu maadili ya uongozi lilijaa kiasi kwamba wanafunzi walipigiwa kura ya bahati nasibu ili kuingia.

Tume ya uhamiaji aliyoiongoza ilikuwa rafiki au adui wa wahamiaji?

Wasomaji wetu walioko Marekani huuliza sana hili. Kuanzia 1994 hadi kifo chake aliongoza tume iliyoundwa na Congress. Ilipendekeza idadi ya wahamiaji halali ipunguzwe hadi takriban 550,000 kwa mwaka, kipaumbele kiwe kwa mume, mke na watoto wadogo, na nafasi za kaka na dada ziondolewe. Pia ilitaka waajiri wahakikishe kweli kwamba mtu ana ruhusa ya kufanya kazi. Wanaopinga uhamiaji humnukuu mpaka leo. Huwa hawanukuu ushahidi wake wa 1995 mbele ya Congress, alipopinga mpango wa kuwanyima uraia watoto wanaozaliwa Marekani kwa wazazi wasio na vibali. Kwake, uraia wa kuzaliwa ulikuwa umelipiwa na watu waliotoka utumwani.

Kumbukumbu zake ziko wapi?

Nyaraka zake ziko Texas Southern, Houston. Ukishuka uwanja wa ndege wa Austin uko ndani ya jengo lenye jina lake, na sanamu yake ya shaba imeketi humo. Amezikwa katika Makaburi ya Jimbo la Texas, Austin.

Kiti chake cha Congress kilikwenda kwa nani?

Kwa Mickey Leland, mfamasia aliyetoka pia bunge la Texas, na aliyefariki Agosti 1989 ndege yake ilipoanguka Ethiopia akielekea kwenye kambi ya wakimbizi. Akafuata Craig Washington, yule yule wa Seneti ya 1983. Kisha Sheila Jackson Lee, wakili na hakimu wa zamani wa jiji, aliyekaa kuanzia 1995 hadi alipofariki Julai 2024. Binti yake, Erica Lee Carter, alimalizia muhula wake, kisha akachaguliwa Sylvester Turner, wakili aliyekaa Baraza la Wawakilishi la Texas zaidi ya miaka 25 kabla ya kuwa meya wa Houston. Naye alifariki Machi 2025, miezi miwili baada ya kuapishwa.